Carenage: Mgeni wa Miaka 99

Wahenga wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakanena tena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hizi zimetutosha sisi watu wa pwani kupimia ugeni wa kila namna, kwani tangu zama za zama wageni wamekuwa wakishuka hapa kwetu na pepo za kaskazi na kuondoka na za kusi. Lakini waliozitunga hawakumfikiria mgeni anayefika na hati ya kukaa miaka 99, hati ambayo mwenye nyumba hakuitia saini wala hakuonyeshwa. Mgeni wa namna hiyo siku ya tatu hapewi jembe. Yeye ndiye humpa mwenyeji jembe, akamwonyesha na pa kulima.

Mgeni huyo aliingia katika kisiwa cha Trinidad mwaka 1941, wakati dunia ikiungua kwa Vita Vikuu vya Pili. Leo nataka nikusimulie, ndugu msomaji, habari za kitongoji kimoja kidogo cha kisiwa hicho kiitwacho Carenage. Nimekichagua kwa makusudi. Vitabu vya vita hupenda kutaja majemadari na miji mikubwa, hata msomaji akadhani kwamba vita ni mizinga na maiti peke yake. Carenage haikuvunjwa na mabomu. Hata hivyo vita viliipindua nyumba kwa nyumba, na hesabu yake ilichukua zaidi ya miaka 20 kufungwa.

MAHALI PENYEWE

Trinidad iko mwisho kabisa wa safu ya visiwa vya Karibi, upande wa kusini, karibu na bara la Amerika ya Kusini. Siku ya mbingu safi milima ya Venezuela huonekana kwa macho. Baina ya kisiwa na bara kuna ghuba pana yenye maji matulivu, iitwayo Paria, na mji mkuu, Port of Spain, umejengwa ukingoni mwa ghuba hiyo.

Ukitoka mjini kwa barabara ya magharibi, bahari ikiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, utapita kitongoji cha St. James, na baada ya maili chache utafika Carenage. Mkadirie mtu atokaye kisiwani Mombasa akaenda Bamburi, hutakosea sana. Mbele ya Carenage kuna rasi ya Chaguaramas, na ncha ya rasi hiyo inatazamana na milango ya bahari ambayo Wahispania waliiita Midomo ya Joka. Meli itokayo bahari kuu ya kaskazini kuja Port of Spain haina budi ipite midomoni humo.

Jina la Carenage lenyewe ni la Kifaransa, na mabaharia wetu wangelielewa bila mkalimani. Maana yake ni mahali pa kupweleza chombo kipate kulazwa ubavu, kikwanguliwe, kitiwe kalafati na kupakwa mafuta. Ni mji wa wavuvi. Wengi wao ni Wakatoliki, na kila mwaka katika siku ya Mtakatifu Petro, aliyekuwa mvuvi, mashua zao hubarikiwa ufukweni.

Msomaji Mwislamu asidhani kwamba hana jamaa huko. Mnamo tarehe 30 Mei, 1845, meli iliyokuwa ikiitwa Fatel Razack ilitia nanga Trinidad na shehena ya kwanza ya vibarua kutoka India. Jina hilo limepotoka tu katika vinywa vya makarani. Asili yake ni Fat-h al-Razzaq, ushindi utokao kwa Mwenye Kuruzuku. Hadi mwaka 1917 vibarua zaidi ya 140,000 walikuwa wameletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Ni mambo yale yale ya vibarua wa Kihindi walioletwa Mombasa kuanzia mwaka 1896 kujenga reli. Huko Trinidad, tangu 1866 waliokuwa wakifika walishushwa kwanza katika kisiwa kidogo cha Nelson, kilichoko ghubani upande huo huo wa Carenage. Kwa hiyo mababu wengi wa Waislamu wa Trinidad waliionja nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika maji hayo. Na katika St. James, ile tuliyoipita njiani, mitaa ina majina ya Delhi, Lucknow na Calcutta, na mwezi wa Muharram matazia hutembezwa barabarani.

SAINI ILIYOTIWA MBALI

Sasa tuje kwenye vita. Mwaka 1940 Uingereza ilikuwa katika dhiki kubwa. Ufaransa ilikuwa imeanguka, na manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji, ambazo siku hizi tunaziita nyambizi, zilikuwa zikizamisha meli za chakula na mafuta kila wiki. Waziri Mkuu Winston Churchill alihitaji manowari. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa nazo, lakini nchi yake ilikuwa bado haijaingia vitani.

Mnamo tarehe 2 Septemba, 1940, walipatana. Marekani iliipa Uingereza manowari 50 za zamani. Uingereza nayo ikaipa Marekani ruhusa ya kujenga vituo vya majeshi katika makoloni yake ya upande huo wa dunia, ikiwemo Jamaica, Antigua, St. Lucia, Guyana na Trinidad. Muda wa kukodi ulikuwa miaka 99. Mkataba wenyewe ulitiwa saini London tarehe 27 Machi, 1941, na katika Trinidad sehemu kubwa ya rasi ya Chaguaramas ikaangukia mikononi mwa jeshi la wanamaji la Marekani.

Mtoto aliyezaliwa siku ile angelazimika kuishi hadi 2040 ndipo aione ardhi ya babu yake ikirudi. Na wenye ardhi hawakuulizwa. Wengi wao hata haki ya kupiga kura hawakuwa nayo.

Sisi wa Mwambao jambo hili halitushangazi. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar, Hamed bin Thuwaini, iutawale ukanda wa pwani wa maili 10 kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Mpango huo ulidumu hadi 1963. Wavuvi wa Lamu na wakulima wa minazi wa Malindi hawakuitwa barazani kuulizwa kama wameridhika. Bendera nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus, na mwenye nyumba akawa mpangaji bila kuhama.

La kushangaza ni kwamba Trinidad alitokea Mwingereza aliyekataa. Gavana wa kisiwa, Sir Hubert Young, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa Nyasaland na Northern Rhodesia, alipinga Chaguaramas isitwaliwe. Alisema kwamba fukwe zile ndizo mahali pa kuogelea na kupumzikia watu wa Port of Spain. Aliwashauri Wamarekani wajenge kwenye kinamasi cha Caroni, kusini ya mji, ambako ardhi ilikuwa haina kazi. Wamarekani walikataa kinamasi, kwa kuwa walitaka bandari yenye kina karibu na milango ya bahari. London ikakubaliana nao. Mwaka 1942 Gavana Young aliondolewa, na mahali pake akaletwa mwingine.

Sikusudii kumfanya Gavana huyo kuwa walii. Alikuwa mtumishi wa himaya kama wenziwe, na pengine hasira yake kubwa ilikuwa ni kuona bendera ya wengine ikipandishwa katika eneo lake. Lakini maneno aliyoyasema yalikuwa ya haki, na haki haibatiliki kwa sababu ya mdomo ulioitamka.

KUFUNGASHA VIRAGO

Rasi ya Chaguaramas haikuwa pori tupu. Kulikuwa na vijiji vya wavuvi kwenye hori zake, na katika bonde liitwalo Tucker Valley kulikuwa na mashamba na wafanyakazi walioishi humo na familia zao. Hao wote walitakiwa kuondoka. Walilipwa fidia, lakini ni nani kati yetu asiyejua tofauti iliyoko baina ya fidia na kwao? Pesa huhesabiwa zikaisha. Mti uliopandwa na nyanya yako hauna karani wa kuupima.

Wengi walifungasha wakaenda Carenage, kwa kuwa ndiko karibu, na huko walikuwa na ndugu na bahari ilikuwa ile ile. Hivyo mji mdogo ukajazwa na watu wa rasi nzima. Njia iliyozoewa ya kuendea magharibi iliishia kwenye lango lenye askari, na mtu asiye na kibali hakupita. Wavuvi nao walikuta maji waliyoyatega tangu utotoni yamekuwa maji ya jeshi.

Waliohama waliyaacha pia makaburi. Hadi leo yapo makaburi ya zamani katika Tucker Valley, chini ya miti mikubwa, karibu na mahali palipokuwa na kanisa na kijiji. Mwislamu anajua uzito wa jambo hili, kwani kuzuru makaburi ni katika mambo tuliyohimizwa ili tuikumbuke akhera. Watu wa Chaguaramas walizuiwa kuwazuru wazee wao kwa sababu wazee hao walikuwa wamezikwa ndani ya kambi ya jeshi la nchi nyingine.

USIKU WA TOPIDO

Je, hatari ya vita ilikuwa ya kweli, au ilikuwa kisingizio? Insafu yataka nijibu kwamba ilikuwa ya kweli. Trinidad ilikuwa na visima vya mafuta, na kiwanda chake cha kusafisha mafuta kilichoko Pointe-à-Pierre kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa katika himaya ya Uingereza. Bila mafuta ndege hairuki na manowari haiendi. Wajerumani walilijua hilo.

Mnamo tarehe 16 Februari, 1942, nyambizi zao zilishambulia meli za mafuta katika kisiwa cha Aruba, kilichoko magharibi ya Trinidad. Siku mbili baadaye ikaja zamu ya Trinidad. Nyambizi iliyoitwa U-161, chini ya nahodha Albrecht Achilles, ilipenya kwenye Midomo ya Joka ikiwa imezama, ikaingia Ghuba ya Paria, ikangoja hadi giza likazame. Achilles hakuwa mgeni wa maji yale. Kabla ya vita aliwahi kuwa baharia wa meli za biashara zilizokuwa zikipita huko.

Karibu na saa sita ya usiku wa tarehe 18 Februari alizipiga kwa topido meli mbili zilizokuwa zimetia nanga katika bandari ya Port of Spain. Moja ilikuwa ya Marekani, Mokihana, na ya pili ya mafuta, ya Kiingereza, British Consul. Kisha akatoka kwa njia aliyoingilia, mbele ya pua ya kituo kile kipya ambacho watu wamehamishwa ili kijengwe. Mwezi uliofuata aliingia kwa ujanja huo huo katika bandari ya Castries, kisiwani St. Lucia, akazipiga meli mbili nyingine. Bahari haikumsahau. Mnamo Septemba 1943 U-161 ilizamishwa karibu na pwani ya Brazil pamoja na wote waliokuwamo.

Mwaka huo wa 1942 mamia ya meli zilizama katika bahari ya Karibi na kandokando yake. Kwa mtu wa Carenage maana yake ilikuwa ni kupungua kwa mchele na unga madukani, kwani kisiwa kilichojaa miwa na mafuta kilizoea kununua chakula chake ng'ambo.

Na hapa pia historia yetu inashikana mikono na yao. Mnamo Aprili 1942, Wajapani waliposhambulia Ceylon, kundi la manowari za Uingereza lililokuwa huko lilihamishiwa Kilindini. Na Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini na vijana wengi wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300. Watu wa Port of Spain na watu wa Mombasa hawakujuana, lakini walikuwa wakitazama bahari kwa khofu ile ile, katika vita ambavyo hakuna katika wao aliyevianzisha.

DOLA NA HESHIMA

Alipokwisha kuingia, mgeni alikuja na pesa. Gati zilijengwa, milima ikachongwa, na barabara kuu iliyopewa majina ya Churchill na Roosevelt ikatandazwa kutoka karibu na Port of Spain hadi kambi ya ndege ya Waller Field. Maelfu ya vijana waliacha mashamba ya miwa wakakimbilia kazi za Wamarekani, kwa kuwa mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa bwana shamba. Mabwana shamba walilia kwamba hawana wakataji. Mimi siwezi kuwalilia. Mwaka 1937 wafanyakazi wa visima vya mafuta waligoma kwa ajili ya ujira mdogo, na kiongozi wao, Uriah Butler, serikali ilimfunga kizuizini miaka ya vita katika kisiwa kile kile cha Nelson. Waliokataa kumlipa kibarua wakati wa amani hawakuwa na haki ya kulalamika alipopata mlipaji mwingine.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo halikuandikwa katika mkataba wowote. Watu walizoea kumwona mzungu amevaa nguo nyeupe, akiamrisha kutoka kivulini. Sasa waliwaona wazungu wa Kimarekani vifua wazi, wametapakaa tope, wakiendesha matingatinga na kubeba mbao, na jioni wakilewa barabarani. Ile haiba ya ukoloni iliyojengwa kwa karne nzima ilianza kubomoka kwa macho ya watu. Wamarekani hao hao, hata hivyo, walikuja na ubaguzi wao wa rangi kutoka kwao. Kwa hiyo mtu mweusi wa Trinidad alijifunza masomo mawili kwa mpigo.

Lakini dola haikuja peke yake. Bei za vitu zilipanda, na aliyekuwa hana kazi kambini alizipanda na kuzishuka kwa jasho lake. Vilabu vya pombe vilizuka kando ya njia ya kambi. Askari maelfu, mbali na mama zao na mifuko imejaa, waliletwa karibu na mji wa wavuvi. Matokeo hayahitaji kuelezwa kwa urefu. Sisi tulioziona manowari za Marekani zikitia nanga Kilindini miaka ya 1980, baada ya mapatano ya mwaka 1980, tunakumbuka jinsi mji ulivyogawanyika. Mwenye duka na mwenye teksi walishukuru Mungu kwa riziki, na mzazi mwenye binti akafunga mlango mapema. Wote wawili walikuwa na haki. Umaskini ndio unaowafanya wenye haki wagombane.

WIMBO ULIOCHUKULIWA

Mwaka 1943 mtunzi mmoja wa nyimbo za kalipso, Rupert Grant, ambaye jukwaani aliitwa Lord Invader, alitunga wimbo juu ya mambo haya. Uliitwa "Rum and Coca-Cola." Kwa juu ni wimbo wa kuchekesha. Ndani yake ni malalamiko ya mwanamume anayeona wake na mabinti wa nchi yake wakiifuata dola ya askari. Mahali panapotajwa katika wimbo huo ni Point Cumana, na Point Cumana ni sehemu ya Carenage. Hivi ndivyo kitongoji kidogo kilivyoingia masikioni mwa dunia, kwa aibu yake na si kwa samaki wake.

Mchekeshaji mmoja wa Kimarekani, Morey Amsterdam, alikuja Trinidad mwaka huo kuwatumbuiza askari. Aliporudi kwao, wimbo huo ulitokea huko ukiwa na jina lake. Dada watatu waimbaji mashuhuri, Andrews Sisters, waliurekodi, na mwaka 1945 ukawa wimbo unaopendwa kuliko yote Marekani. Pesa zilimiminika. Mtunzi wa Trinidad hakupata kitu.

Msomaji wangu Mwislamu atapenda kujua ni nani aliyesimama. Aliitwa Mohamed Khan. Ndiye aliyekuwa amechapisha Trinidad kijitabu cha maneno ya nyimbo za mwaka 1943, na maneno ya Lord Invader yalikuwamo, na haki zake zimeandikishwa kwa utaratibu. Khan aliishtaki kampuni ya New York iliyoutoa wimbo. Mwaka 1947 mahakama ya New York ilimpa Khan ushindi, na rufani haikubadili hukumu. Katika kesi nyingine, juu ya sauti ya wimbo huo, ilithibitika kwamba hata sauti yenyewe ilikuwa kazi ya mwanamuziki wa Trinidad, Lionel Belasco, aliyoitunga miaka mingi kabla.

Nauona ushindi huu kuwa mkubwa kuliko pesa zake. Ardhi ilichukuliwa bila kuulizwa mwenyewe, na bahari vile vile, na wimbo wa kulalamikia hayo nao ukachukuliwa. Lakini safari hii kulikuwa na karatasi iliyoandikwa na mwenyeji, na karatasi hiyo ikazungumza mahakamani. Walionyang'anywa kwa hati walianza kujifunza nguvu ya hati.

Walijifunza na mengine. Sherehe yao kubwa ya mwaka, Carnival, ilipigwa marufuku kuanzia 1942 hadi vita vilipokwisha. Vijana wa mitaa ya kimaskini ya Port of Spain waliutumia muda huo uani, wakigonga mikebe na vifuniko vya taka na kuvitafutia sauti. Ushindi ulipotangazwa Mei 1945 walijitosa barabarani na ngoma zao za bati. Baadaye wakachukua mapipa ya mafuta, ambayo kisiwa kilikuwa nayo tele, wakayapinda na kuyapima hata yakaweza kupiga kila sauti. Ngoma hiyo, iitwayo pan, ilitangazwa kuwa ngoma ya taifa mwaka 1992. Pipa lililobeba mafuta ya vita wao walilifanya kinanda.

KUMDAI MGENI NYUMBA

Vita vilikwisha 1945, lakini mgeni hakuondoka. Hati yake ilikuwa na miaka 95 ya akiba.

Mwaka 1957 makoloni ya Kiingereza ya Karibi yalipokuwa yakijiandaa kuungana katika Shirikisho, yalitafuta mahali pa kujenga mji mkuu. Yakachagua Chaguaramas. Marekani na Uingereza zikasema haiwezekani. Ndipo Dk. Eric Williams, mwanahistoria aliyekuwa sasa kiongozi wa serikali ya Trinidad, alipolishika jambo hilo kwa meno. Alizifukua barua za Gavana Young, zile za mwaka 1940 na 1941, akawasomea wananchi hadharani. Yale maneno ya Mwingereza aliyepuuzwa yakawa ushahidi wa watu aliowatawala.

Mnamo tarehe 22 Aprili, 1960, maelfu ya watu waliandamana Port of Spain chini ya mvua kubwa, wakiongozwa na Dk. Williams. Mkataba wa vituo ulichomwa moto mbele ya umati, mvua inanyesha. Mwaka huo huo mazungumzo yakaanza, na Februari 1961 Marekani ikakubali kurudisha sehemu kubwa ya ardhi iliyoishika. Shirikisho lenyewe lilivunjika mwaka 1962, kwa hiyo ule mji mkuu haukujengwa. Trinidad na Tobago ikapata uhuru tarehe 31 Agosti, 1962. Mwaka 1967 kituo cha wanamaji kikafungwa, miaka 73 kabla ya siku iliyoandikwa. Na mwaka 1973 viongozi wa Karibi walirudi pale pale kutia saini mkataba wa soko lao la pamoja, unaoitwa Mkataba wa Chaguaramas. Safari hii wenye saini walikuwa wenyeji.

FUNZO KWETU

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale ya watu wa mbali. Basi na watazame bahari yetu wenyewe. Baina ya 1968 na 1973 wakazi wote wa visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi, waliondolewa na Uingereza ili kisiwa cha Diego Garcia kiwe kituo cha Marekani. Walitupwa Mauritius na Seychelles. Mnamo tarehe 22 Mei, 2025, Uingereza na Mauritius zilitia saini mapatano ya kuvirudisha visiwa hivyo chini ya Mauritius, huku Diego Garcia ikikodishwa. Muda wa kukodi ulioandikwa ni miaka 99. Hesabu ile ile, na wengi katika watu wa Chagos walilalamika kwamba wao hawakuulizwa.

Mimi sisemi kwamba nchi isiwe na marafiki, wala kwamba Hitler angelizuiwa kwa maneno matamu. Nyambizi zilikuwako na meli zilizama. Lakini hatari ya kweli haiwi hoja ya kumruka mwenye nyumba. Wavuvi wa Chaguaramas wangeulizwa, pengine wangesema, "Chukueni hori hizi mpaka vita viishe, halafu mturudishie, na mtuachie njia ya makaburini." Hilo ni sharti la mtu muungwana, na halikugharimu manowari hata moja. Hawakuulizwa, na kwa sababu hiyo jambo la miaka michache ya vita liligeuka ugomvi wa miaka 20 na zaidi.

Leo barabara ya kutoka Carenage kwenda Chaguaramas iko wazi. Watu wa Port of Spain huenda kuogelea huko mwisho wa wiki, kama alivyotaka yule gavana. Mashua za Carenage bado hutoka alfajiri. Wajukuu wa waliohamishwa wengi wamebaki hapo hapo walipohamia babu zao, kwani mtu akizaliwa mahali na kuzika mahali, hapo pamekuwa kwao, hata kama alifikishwa kwa nguvu. Ardhi ilirudi kwa taifa. Nyumba zile za Chaguaramas hazikurudi kwa mtu yeyote.